Themostati ya Vifaranga na Friza ya Maziwa

Mwalimu wa darasa, tafadhali shika chaki, maana leo tutachora.

Nimepata barua kutoka Shighatini, huko Usangi, katika milima ya Upare. Bwana aliyeiandika ni mwanafunzi wa darasa la jioni kama ninyi, naye ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo lilinifurahisha kabla sijasoma habari iliyomo. Lakini habari iliyomo si ya furaha. Yeye na jirani zake hukusanya maziwa ya jioni, huyalaza, na asubuhi huyateremsha kwa gari mpaka Mwanga, kule chini tambarare. Walinunua friza kuukuu. Friza ile iliyagandisha maziwa yakawa kama mawe, kwa kuwa friza hutengenezwa ili kutoa baridi ya digrii 18 chini ya sifuri. Basi bwana huyu akakumbuka kwamba anayo themostati ya kuchomeka ukutani, aliyoinunua kwa ajili ya taa ya kuwatia joto vifaranga. Akaiweka kwenye digrii 4, akachomeka friza katika themostati ile, akaenda kulala. Asubuhi lita 20 za maziwa zilikuwa zimechacha. Anauliza kama themostati yake imeharibika.

Hapana, bwana. Themostati yako ni nzima. Imefanya kazi ile ile inayoijua, nayo ni kazi ya vifaranga.

Ninyi wa Upare mnazijua ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mashamba. Mtu husimamia ndiva, akafungulia maji na kuyazuia. Themostati ni msimamizi wa namna hiyo, ila anasimamia umeme, na anaamua kwa kupima joto. Msimamizi wa vifaranga amepewa amri hii: pakiwa na baridi, fungulia, pakiwa na joto, zuia. Ni amri njema. Kifaranga wa juma la kwanza anataka joto la digrii 32 hivi au zaidi kidogo. Banda likipoa, taa iwake. Likipata joto, taa izime.

Sasa mpe msimamizi huyo huyo kazi ya friza. Maziwa yametoka kwa ng'ombe yakiwa na digrii 37 au 38. Msimamizi anapima, anaona joto limepita 4, anasema, "Hapa pana joto la kutosha," anazuia umeme. Friza haikuwaka hata dakika moja usiku kucha! Tena, kama maziwa yangeingia yakiwa na digrii 2, angefungulia umeme, na kadiri baridi inavyozidi, ndivyo asivyozuia, mpaka yote yagande. Kwa friza amri yapasa kugeuzwa: pakiwa na joto, fungulia, pakiwa na baridi, zuia.

Je, amri hugeuzwaje? Katika themostati za zamani, anayepima joto ni ukanda wa madini mawili, tuseme chuma na shaba ya manjano, yaliyogandamanishwa ubavu kwa ubavu. Madini yakipata joto hutanuka. Wahunzi wa Upare, wale wa ukoo wa Washana waliosifika kwa kufua chuma, walilijua jambo hili kwa mikono yao. Lakini shaba ya manjano hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo ukanda hupinda, na kwa kupinda hugusa waya au huuachia. Ikiwa themostati yako ni ya namna hii, nayo ina miguu miwili tu ya waya, usijisumbue. Haigeuki. Ukibadilishana nyaya zake mbili, hakuna kilichobadilika, kama vile mtu aliyegeuza bomba la maji nyuma mbele.

Themostati nyingi za siku hizi zina tarakimu za kuwaka, na ndani yake mna kijisanduku kiitwacho rilei. Ndicho kinacholia "ta!" kila inapowasha au kuzima. Mwalimu, chora ubaoni mfereji mmoja unaogawanyika kuwa miwili, na ubao mmoja penye njia panda. Ubao ukilala huku, maji huenda shamba la kwanza. Ukilala kule, huenda shamba la pili. Andika COM kwenye mfereji mkuu. Shamba la kwanza liandike NC, na la pili NO. Hizo ndizo herufi za miguu ya rilei. Rilei ikiwa imepumzika, umeme hutoka COM kwenda NC. Rilei ikivutwa, umeme hutoka COM kwenda NO.

Katika themostati ya vifaranga, baridi ndiyo inayoivuta rilei, na waya wa moto uendao kwenye taa umefungwa kwenye NO. Kugeuza amri ni kuuondoa waya huo kwenye NO na kuutia kwenye NC. Waya mmoja tu. Ule wa kurudi na ule wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, haviguswi.

Lakini kazi hii ni ya fundi wa umeme aliyesomea, wala si ya mwenye bisibisi na ujasiri. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, nao huua. Kwanza plagi itoke ukutani, ndipo kisanduku kifunguliwe. Pengine fundi ataona kwamba mguu wa NC haukuunganishwa na chochote, au waya zake ni nyembamba mno. Akisema haifai, msikilizeni. Mwulizeni pia kama rilei itabeba mota ya friza, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo.

Kuna shida nyingine, nayo ndiyo inayoua friza nyingi. Kompresa ikizima huhitaji kupumzika dakika 3 mpaka 5, ili mgandamizo wa gesi ndani ya mabomba utulie. Ukiiwasha kabla, mota hujikaza bila kuzunguka, hupata moto, na mwisho huungua. Themostati ya vifaranga haijui kungoja. Na tukishautia waya kwenye NC, umeme ukikatika na kurudi mara mbili tatu, kama mnavyouona, friza itapigwa kila mara papo hapo. Dawa ipo: kile kisanduku cha kulinda friji kinachouzwa madukani, ambacho huchelewesha umeme kwa dakika chache. Kichomekeni katikati, yaani ukutani themostati, kisha kisanduku hicho, kisha friza. Hapo kompresa itapumzishwa kila mara themostati inapowasha. Tena msiweke mpaka mwembamba: iwashe kwenye digrii 6, izime kwenye 3.

Jueni pia kwamba themostati iliyogeuzwa hivi ikifa, rilei hupumzika na friza huendelea bila kuzima. Mtakuta maziwa yamegandamana. Afadhali hivyo kuliko kuchacha.

Kwa maoni yangu, mwenye fedha anunue themostati yenye amri zote mbili, ambayo hubonyezwa tu ikageuka. Kipimo cha joto kitumbukizeni katika chupa ya maji ndani ya friza, kisije kikadanganyika kila mnapofunua kifuniko. Dawa za chanjo, za watu au za mifugo, zisiwekwe humo kamwe. Nayo maziwa yasitiwe siku ya kwanza. Tieni ndoo ya maji, na kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, mmoja wenu asome digrii na kuziandika daftarini. Mkiona namba zinapanda na kushuka kati ya 3 na 6, niandikieni tena.

Kwaherini.