Huduma ianze na raia, isianze na mashini



Leo hatukuje kuongelea kompyuta. Tumekuja kuongelea mama mwenye anapanga mustari ku komini toka saa moja ya asubuhi, mtoto mgongoni, anatafuta cheti cha kuzaliwa. Saa sita wanamwambia: «Mama, rezo hakuna, urudie kesho.» Kesho atalipa tena moto, na nyanya zake zitaoza. Nani kati yetu hajaona hiyo?

Sheria yetu ya familia, jinsi ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, mambo inaenda ku tribinali. Kwa hiyo kila «urudie kesho» inakula siku za mtoto.

Wakubwa wanatuambia numeriki itatengeneza yote. Ni kweli, tangu 2021 inchi yetu iko na waziri wa numeriki, na tangu Machi 2023 iko na sheria ya numeriki. Ni vizuri. Lakini tusisahau RAM. Mwaka wa 2020 walianza kukata uniti zetu juu ya kusajili simu. Mwenye simu ya 3G alihesabiwa dola 7 kwa mwaka. Mashini ilitumika vizuri: uniti zilikatwa tu! Lakini raia hakuona faida yake. Tulipiga kelele, bungeni nako wakauliza, na mwaka wa 2022 ikaondolewa. Somo ni hili: mashini inaweza kutembea vizuri na huduma ikawa mbaya.

Kuna wenye walianza njia ingine. Mwaka wa 2011 Uingereza iliunda Government Digital Service ndani ya serikali, na 2012 ikafungua tovuti moja, GOV.UK. Kanuni yao ya kwanza: anza na mahitaji ya watu. Mutaniambia, sisi si Uingereza, umeme wetu tunaujua. Sawa. Lakini kukaa na kuangalia mustari haiombe umeme.

Basi tunaomba mambo ine:

1. Kabla ya kununua kompyuta hata moja, wenye kutengeneza huduma wakae siku nzima ku mustari: Kadutu, Bagira, Ibanda. Waandike pahali watu wanakwama.

2. Huduma iongee lugha ine za taifa zenye ziko ndani ya Katiba, si Kifaransa peke yake. Na itumike hata ku simu ndogo ya tochi.

3. Rezo ikikatika, daftari iendelee. Mama apewe kikaratasi chenye tarehe ya leo, ili kosa la rezo lisihesabiwe kwa mtoto.

4. Bei ibandikwe ku mlango na ku ekrani, ileile moja.

Na sisi? Tusiende kutukana karani. Yeye pia anatumia ile mashini, na ikimkwamisha, anakwama mbele ya watu mia. Tumuulize naye. Wiki hii, kila mmoja wetu asindikize mzazi mmoja. Tuhesabu safari, masaa na feza. Tuandike yote, tuyapeleke ku komini kwa amani, na kopi tubaki nayo.

Tusingoje watuletee mashini ndipo tuanze kulalamika. Tuanze leo kuwaonyesha mustari.