Daktari Aliyehesabu Wodini Tu
Hotuba kuhusu utambuzi wa magonjwa ya akili, kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands



Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers. Alipopewa kazi hiyo alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Magonjwa ya akili hakuwa ameyasomea.

Carothers aliwatazama wagonjwa waliokuwa wodini. Wenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, aliona wachache mno, akaamua kwamba Mwafrika huugua ugonjwa huo kwa nadra. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha maoni yake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni maradhi ya kichwa. Ni mwaka ule ule wa Operesheni Anvil, wanaume wa mitaa hii walipokamatwa kwa maelfu.

Alikosea wapi? Wengi waliofika Mathari siku hizo waliletwa na polisi au mahakama, kwa kuwa walifanya fujo. Mama wa Pumwani aliyelala kutwa akiutazama ukuta hakumsumbua mtu, basi hakuhesabiwa. Baadaye wataalamu wa Kenya, akiwemo Prof. David Ndetei, walitafuta katika kliniki za kawaida. Wakawakuta wagonjwa wa akili kati ya watu waliokuja kulalamikia kichwa au tumbo.

Ndiyo maana daktari wa akili huuliza sana, hata wengine wakachoka. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona. Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine. Atauliza: unalala? Unakula? Ulichokipenda bado unakipenda? Hali hii imezidi wiki mbili? Umewahi kufikiria kujiua? Swali hilo la mwisho halimpandikizii mtu wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Na ajibu kwa lugha yake, hata Sheng.

Mkazi wa Kayole, Dandora au Umoja aanzie kituo cha afya kilicho karibu, na asitaje kichwa peke yake. Aseme na usingizi uliopotea. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.