MTOTO ASIYETULIA SI MTOTO MBAYA

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Labda mwauliza, mambo ya watoto yahusu nini chama cha wafanya kazi? Yahusu sana. Mfanya kazi ambaye mtoto wake hasemi, au hatulii, huja na mzigo huo hata kazini. Akimpeleka hospitali hupoteza ujira wa siku. Asipompeleka, mtoto hupoteza miaka.

Kuna hali mbili zatupasa kuzijua. Ya kwanza ni usonji. Mtoto mwenye usonji aweza kuchelewa kusema. Akiitwa jina hageuki. Hupenda mambo yawe vile vile kila siku, na kelele ndogo yaweza kumtesa. Ya pili madaktari huiita kwa herufi ADHD. Mtoto huyu akili yake haikai mahali pamoja, hupoteza vitu, hukatiza wenzake maneno. Mwingine huketi kimya tu, mawazo yako mbali, na mwalimu humwita mvivu. Mtoto mmoja aweza kuwa na hali zote mbili.

Watu husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," na lawama yote humwangukia mama. Hata madaktari wa Marekani walikosa hivyo. Baada ya Dr. Leo Kanner wa Baltimore kueleza usonji mwaka 1943, kwa miaka mingi akina mama waliambiwa ya kwamba wamewaharibu watoto kwa kutowapenda. Mwaka 1964 Bernard Rimland, naye baba wa mtoto wa namna hiyo, alitoa kitabu kupinga maneno hayo. Leo yajulikana ya kuwa hali hizi zatokana na jinsi ubongo unavyokua. Si malezi, si uchawi, wala si chanjo.

Basi kupimwa ni nini? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei kinachotosha. Yafaa masikio yapimwe mapema, maana asiyeitika huenda hasikii. Kisha mzazi huulizwa: mtoto alizaliwaje, aliketi lini, alisema lini? Naye mtoto hutazamwa akicheza. Kwa ADHD mwalimu pia huulizwa, kwa sababu dalili sharti zionekane nyumbani na kwingineko, zidumu miezi 6 au zaidi, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Hapa Kenya vituo vya serikali vya kupima watoto kwa ajili ya masomo vilianza mwaka 1984. Ulizeni afisi ya elimu iliyo karibu nanyi.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Mwenye kuiuza anawaibia. Lakini mafunzo yapo. Mtoto hufundishwa kusema, au kuonyesha picha ili aeleze haja yake. Hufundishwa kuvaa na kula mwenyewe. Na mzazi hufundishwa kutoa amri moja fupi kwa wakati mmoja, na kumsifu mtoto afanyapo vyema. Wenye ADHD, hasa waliotimiza miaka 6, wengine husaidiwa na dawa kwa amri ya daktari. Kiboko hakimo katika tiba hizi. Kilikatazwa shuleni mwaka 2001. Tukikatae na nyumbani.

Sasa nafika kwenye kazi yetu. Mafunzo haya si ya siku moja. Mara nyingi mtoto hutakiwa kila juma. Lakini likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni ya mfanya kazi anapougua yeye mwenyewe. Mzazi atapata wapi siku? Hula likizo yake ya mwaka, ikiisha hudanganya, na akigunduliwa hufukuzwa. Kwa hiyo naomba tawi hili liingize katika madai ya mkataba ujao ruhusa yenye malipo kwa mzazi, mama au baba, mwenye barua ya kliniki ya mtoto.

Tumedai viatu vya kazi, tukapata. Tumedai posho ya nyumba, tukapata. Na hili tulidai kwa sauti moja, ili mzazi asilazimishwe kuchagua baina ya mtoto na mkate.