Mji wa Christchurch na Maoni ya Wenyeji Wake



Tulipotakiwa na Halmashauri ya Chama kusema maneno machache jioni hii, tuliambiwa tuchague jambo lolote liwapasalo watumishi wa Serikali isipokuwa mishahara, maana habari ya mishahara imekwisha semwa katika mikutano mitatu mfululizo na mishahara yenyewe haikusikia. Basi tumechagua matetemeko ya nchi.

Msidhani ya kuwa ni jambo lililo mbali nasi. Tarehe 10 Septemba 2016 nchi ilitetemeka huko Bukoba, watu zaidi ya kumi wakafa, nyumba nyingi zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Baada ya mazishi, neno lililobishaniwa lilikuwa hili: michango iliyokusanywa ijenge nini kwanza, shule na hospitali, au nyumba za watu? Lakini hatutawasemea watu wa Bukoba, kwa kuwa wamo humu ndani wanaojua habari zile kuliko sisi. Twataka kuwachukueni hata New Zealand, katika mji wa Christchurch, kwa sababu mabishano ya huko yaliandikwa kwa wingi, na karani aweza kuyafuata kama afuatavyo faili, karatasi kwa karatasi.

Mji ule ulipigwa mara mbili. Tarehe 4 Septemba 2010, kabla ya mapambazuko, lilikuja tetemeko kubwa la kipimo cha 7.1, na kwa rehema za Mungu halikuua mtu kwa kuangukiwa na nyumba. Watu wakashukuru, wakaanza kuziba nyufa. Kisha tarehe 22 Februari 2011, saa sita na dakika 51 mchana, watu wakiwa kazini na madukani, likaja la pili. Kipimo chake kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza, ila lilitoka karibu sana na mji wala halikuwa na kina kirefu. Watu 185 walikufa, na katika hao 115 walikufa katika jengo moja tu. Upande wa mashariki, kandokando ya mto Avon, ardhi yenyewe ilisaliti watu: maji yaliyokuwa chini yakapanda pamoja na mchanga, nchi kavu ikawa kama uji, nyumba zikazama upande mmoja.

Mwezi wa Aprili Bunge likatunga sheria ya kuurudisha mji katika hali yake. Waziri, Bwana Gerry Brownlee, akapewa nguvu kubwa mno: kubomoa, kutwaa ardhi, na kusimamisha ramani za mji zilizokuwapo. Pia ikawekwa Mamlaka mpya ya Serikali kwa kazi hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo iliamuru Baraza la Mji litengeneze ramani ya katikati ya mji kwa muda wa miezi tisa. Twawaomba mkumbuke jambo hili, maana ndipo ulipo mzizi wa maneno yote: kazi moja, wenye nyumba wawili.

Baraza, likiongozwa na Meya Bob Parker, halikuanza na wachora ramani. Lilianza kwa kuuliza. Mwezi wa Mei 2011, watu wakiwa bado wachota maji kwa ndoo na kulala kwa hofu, Baraza liliwaambia: Leteni shauri. Zikaja shauri 106,000 kwa muda wa majuma sita. Hesabu hiyo, Mabwana, ni ya mji ambao watu wake walikuwa hawafikii laki nne. Waliyotaka hayakuwa makubwa. Walitaka mji wenye majani na miti, nyumba zisizokwenda juu sana (na nani angetaka orofa ya ishirini baada ya siku ile?), mto uliokuwa umefichwa nyuma ya majengo ufunguliwe watu watembee kando yake, na njia za baiskeli. Baraza likaandika ramani, likasikiliza tena wenye kuikubali na wenye kuikataa, na mwezi wa Desemba likaipeleka kwa Waziri.

Hapa tusimame kidogo. Shauri 106,000 hazijisomi. Kuna mtu aliyeketi akazipanga, hili la miti, hili la magari, hili la kanisa. Na kwa kuzipanga aliamua lipi litaonekana na lipi litazama. Sisi tuliomo humu twaijua kazi hiyo. Miaka iliyopita, katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, tuliletewa barua ya kurasa kumi na moja kutoka kwa wauzaji wa soko lililotakiwa kuhamishwa. Walieleza mahali pa maji, mahali pa kivuli, na njia wapitayo wanawake wenye mizigo. Tuliifupisha kwa mstari mmoja kwa ajili ya mkubwa wetu: “Wauzaji hawapendi kuhama.” Mstari ule haukuwa uongo. Baadaye mama mmoja alikuja dirishani akauliza kama barua yao imesomwa. Tukamjibu, “Imepokelewa, mama.” Akatutazama, akasema, “Sikuuliza hivyo, mwanangu.” Akaenda zake.

Turudi Christchurch. Waziri hakuikataa ramani ya Baraza, wala hakuikubali. Mwezi wa Aprili 2012 aliunda idara mpya ndani ya ile Mamlaka, akawapa wataalamu siku 100 waandike ramani nyingine. Ikatangazwa tarehe 30 Julai 2012. Wenyeji walipoifungua walikuta baadhi ya maneno yao: mto umepewa heshima yake, nyumba zimezuiwa zisiende juu sana. Lakini walikuta pia mambo ambayo hawakuyaomba: jumba kubwa la mikutano, uwanja mkubwa wa michezo wenye paa, na ukanda mpana wa ardhi kuzunguka kitovu cha mji, ambamo wenye viwanja walitakiwa wauze, na asiyetaka angetwaliwa kwa nguvu ya sheria. Reli ya mjini, ambayo Meya aliipigania, haikuwamo. Na ramani hii ya pili haikupelekwa tena mbele ya watu ili waijibu.

Tusiwe watu wa kulaumu upande mmoja. Waziri naye alikuwa na haja yake. Wenye fedha na wenye bima hawakutaka kungoja. Nchi ilikuwa bado yatikisika, na kila mwezi uliopita mfanya biashara mmoja alihamisha duka lake pembeni au mji mwingine. Mtu akisema kwamba mji uliokufa hauwezi kujengwa kwa mikutano, twamsikia. Lakini haraka ile ilinunua nini? Jumba la mikutano lilifunguliwa Desemba 2021, zaidi ya miaka tisa baada ya ramani. Uwanja wa michezo, hata mwaka 2020, ulikuwa haujaanza kujengwa. Kitu kilichowahi kukamilika na kupendwa na wote ni bustani ya michezo ya watoto, yenye jina la mwandishi Margaret Mahy, iliyofunguliwa Desemba 2015. Na katika kuichora bustani hiyo watoto wa shule waliulizwa.

Lililo kubwa zaidi ni habari ya wale wa mashariki. Tangu Juni 2011 Serikali ilitangaza kwamba sehemu zile hazitajengwa tena, ikanunua nyumba kama elfu nane. Mwenye bima alipewa thamani kamili ya kabla ya tetemeko. Asiye na bima, pamoja na mwenye kiwanja kitupu, aliambiwa apokee nusu ya thamani ya ardhi tu. Serikali ilisema: tukiwalipa wote sawasawa, nani atakata bima kesho? Ni hoja ya haki, ila kiwanja kitupu hakikuwa na bima ya kukatiwa hata kwa mtu mwenye fedha. Basi baadhi yao wakajiita Watupwa wa Tetemeko, wakaishtaki Serikali, wakapanda ngazi za mahakama mpaka ya juu kabisa. Machi 2015 mahakama hiyo, kwa wingi wa mahakimu, ilisema kwamba jambo zito namna ile lilipaswa kupitishwa katika njia ya sheria ile, njia yenye kuwauliza watu, na kwamba ile nusu haikuamuliwa sawasawa; Waziri alifikiri upya. Ndipo Serikali ikatoa rasimu, ikawaomba watu maoni, na hatimaye ikakubali kulipa ardhi yao kwa thamani kamili. Miaka minne ilikuwa imekwisha pita.

Twataja na Kanisa Kuu, kwa ufupi. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1864, likamalizika 1904, na mnara wake ulianguka siku ile ya Februari. Machi 2012 Askofu Victoria Matthews alitangaza ya kuwa litabomolewa, kwa hofu ya hatari na gharama. Wapenda majengo ya kale wakaenda mahakamani. Wakati wakibishana, Mjapani Shigeru Ban aliwajengea kanisa la muda kwa mabomba ya karatasi ngumu, likafunguliwa Agosti 2013. Sinodi ilikata shauri Septemba 2017 kwamba la mawe lirudishwe. Kazi ikaanza, fedha zikapungua, na Agosti 2024 ikasimamishwa.

Bwana Mwenyekiti, saa tuliyopewa imekwisha. Ile barua ya kurasa kumi na moja tuliitafuta tena tulipokuwa tukitengeneza hotuba hii, wala hatukuiona. Mstari wetu mmoja bado umo katika faili. Sasa twakaribisha maswali, na kama yupo mwanachama aliyekuwako Bukoba siku ile, twaomba aanze yeye.