Bumu na Dagaa wa Kibirizi

Msikilizaji, hasa wewe mwanachuo unayejiandaa kupanda treni hapa Kigoma, leo tuongelee bumu, yaani hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa masomo. Mwaka wa masomo 2022/2023, posho ya chakula na malazi kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini haiji siku kwa siku. Inaingia kwa mkupuo, na wiki ya kwanza simu mpya, viatu na chipsi kuku vinaimaliza. Ndugu yangu, huo ni mkopo, utaulipa! Ikiingia, toa kodi ya chumba kwanza, kinachobaki kigawe kwa wiki.

Halafu usione aibu kubeba chakula cha nyumbani. Nenda mwaloni Kibirizi, chagua dagaa walioanikwa kwenye chanja, si mchangani. Mvunje mmoja: akikatika kwa mlio, amekauka vizuri, atakaa. Ongeza dumu la mawese kutoka soko la Mwanga. Kila ukiwaunga dagaa hao kwa nyanya na kitunguu, umeokoa hela ya mgahawani. Na Ziwa Tanganyika likikaribia kufungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, nunua mapema kabla dagaa hawajaadimika.