Msasa Kwanza, Rangi Baadaye

(Maongezi ya fundi seremala mbele ya wanakisomo)



Leo tuzungumze juu ya viti, meza na makabati yaliyokwisha kutumika. Wengi wetu tunanunua vitu hivi mnadani. Bei yake ni nafuu, na mara nyingi mbao zake bado ni nzima. Rangi tu ndiyo imechakaa. Je, tufanyeje ili vipendeze tena?

Kwanza, tazama kabla hujanunua. Tikisa miguu. Gonga mbao. Ukiona vitundu vinavyotoa unga mpya, acha! Wadudu bado wamo ndani. Rangi haiwaui, inawafunika tu.

Pili, osha kwa maji na sabuni. Anika kivulini mpaka pakauke kabisa. Kaza misumari na gundi palipolegea.

Tatu, piga msasa. Rangi mpya haishiki juu ya mafuta, wala juu ya rangi inayong'aa. Ukipaka juu ya uchafu itabanduka kama magamba, na fedha yako imekwenda bure.

Lakini hapo kwenye msasa, sikilizeni vizuri. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilikataza rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini nchi nyingi zilichelewa. Kwa macho huwezi kuzitambua. Vumbi lake ni sumu. Mtoto akilimeza kidogo kidogo, ubongo wake unadhurika na masomo yanamshinda. Mama mjamzito naye yumo hatarini, pamoja na mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Basi, tufanye hivi. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, usiikwangue yote. Ipitie kidogo tu kwa msasa wa maji, na lowesha kila mara ili vumbi lisiruke. Usiichome kwa moto, maana moshi wake pia ni sumu. Fanya kazi nje, mbali na watoto, kuku na chakula. Usifagie. Futa kwa kitambaa chenye maji. Takataka zifunge kwenye mfuko, usizimwage shambani wala karibu na kisima. Kisha nawa mikono na badili nguo kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Mwisho, ndipo upake. Paka rangi ya msingi mara moja, halafu rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba, kwa kufuata nyuzi za mbao. Kila mara ngoja ikauke usiku kucha. Haraka haraka haina baraka.

Na dukani je? Mwulize mwenye duka rangi isiyo na risasi. Asikwambie kwa mdomo tu. Mwombe akuonyeshe maandishi kwenye kopo, uyasome mwenyewe. Kisomo chetu ni cha kazi kama hiyo.