Gharama za Kugeuza Banda la Gari Kuwa Chumba cha Kuishi



Hapa Dar es Salaam mtu akiwa na banda la gari lililoungana na nyumba, hukaa siku akaliona ni chumba cha kupangisha au cha kijana wake aliyekua. Hesabu anayomletea fundi ni fupi: kuta zipo, paa lipo, tuzibe geti. Naomba tuanzie hapo kwenye geti, maana ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Geti la mita 2.4 kwa 2.1 ni kama mita 5 za mraba. Tofali za inchi 18 kwa 9 hazifiki 50, na lenta tayari ipo. Shida ni kwamba chini ya geti mara nyingi hakuna msingi. Ukuta ukipandishwa juu ya ukingo wa jamvi la zamani, utapata ufa pale unapokutana na ukuta wa zamani. Chimbeni msingi, na muunganishe kuta hizo kwa nondo.

Sakafu ndiyo inayoanza kula fedha. Jamvi la banda limewekwa chini kuliko sakafu ya nyumba na lina mteremko kuelekea getini ili maji yatoke. Mara nyingi halina nailoni chini yake, na limekunywa oili ya miaka. Ukibandika marumaru juu ya oili, zitabanduka. Banda la mita 3 kwa 6 likimwagwa zege jipya la sentimita 10 juu ya nailoni, ni mita za ujazo 1.8, yaani mifuko kama 8 ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:3:6. Sakafu ikipanda na dari ikishuka, kimo kinapungua, na chini ya bati la Dar kimo ni hewa. Pimeni kabla ya kununua mbao za dari. Tazameni pia mpaka wa kiwanja: banda likiwa limegusa ukuta wa jirani, upande huo hauna dirisha, na upepo wa kupita haupo.

Sasa choo, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoamua kama kazi yote ina maana. Banda liko mbele, shimo la maji taka mara nyingi liko nyuma. Bomba la inchi 4 lenye mteremko wa 1:40 hushuka sentimita 2.5 kila mita. Mita 12 ni sentimita 30. Kwa kuwa sakafu ya banda iko chini, bomba linaweza kufika kwenye chemba likiwa chini ya mdomo wa kuingilia. Hapo ni ama kunyanyua sakafu ya choo kwa ngazi, ama kuchimba shimo jipya, na shimo jipya linaweza kumeza fedha kuliko kuta, sakafu na dari kwa pamoja. Mpira wa maji wa kupimia usawa, ule mwembamba unaoonyesha ndani, unajibu kwa asubuhi moja kama bomba litafika juu ya mdomo huo. Naumia ninapoona choo kimeshajengwa ndipo mpira unatafutwa.

Umeme nitaupitia haraka. Taa moja na soketi moja havitoshi. Vuteni waya mpya kutoka meni suichi wenye kikata umeme chake. Mkiomba mita ya pili ya LUKU, fuatilieni kodi ya jengo, ile inayokatwa mnaponunua umeme, isikatwe kwenye mita zote mbili. Kibali cha halmashauri kiombwe kabla ya tofali la kwanza.

Kuhusu marejesho, tuchukulie kazi imegharimu shilingi milioni 6, kodi ni 100,000 kwa mwezi, na chumba kina mpangaji miezi 10 kwa mwaka. Fedha inarudi baada ya miaka 6, bila kuhesabu rangi na matengenezo. Kama shimo jipya linaongeza milioni 2, ni miaka 8. Kwa nyumba ya namna hiyo ningemshauri mwenyewe aweke chumba bila choo, ampe kijana wake, na mpangaji amtafutie nafasi nyuma ya nyumba, karibu na chemba.